Jiwe lisilo na bei

Nilimwonesha kijana mmoja hapa Didia, mkoani Shinyanga, picha ya jiwe lililojikunja mfano wa pembe ya kondoo. Kijana huyu likizo zake huishia machimboni. Aliitazama kidogo, akaniuliza: "Ustadhi, hili linapata shilingi ngapi?"

Sikumlaumu. Watu wa huku, tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940 mpaka dhahabu ya Geita, tumezoea kuliuliza jiwe swali hilo moja tu.

Jiwe lenyewe ni amonaiti. Alikuwa mnyama wa baharini, jamaa wa pweza na ngisi, mwenye gamba la vyumba vyumba. Yeye aliishi katika chumba cha mbele. Vya nyuma vilikuwa na hewa ya kumwezesha kuelea. (Hata jina lake lina kisa: limetokana na Amuni, mungu wa Wamisri wa kale aliyechongwa na pembe za kondoo!) Mabaki yake yapo nchini kwetu, Tendaguru mkoani Lindi, katika matabaka ya bahari ya takriban miaka milioni 150 iliyopita. Ni pale pale Wajerumani walipochimba, kati ya 1909 na 1913, mifupa ya yule mjusi mkubwa, dinosaria. Wapagazi waliibeba hadi Lindi, ikapakiwa melini, na mpaka leo iko Berlin. Mjusi tunamdai kila mara. Amonaiti hana anayemtaja.

Ndugu msomaji, tafakari. Jamii hii ilidumu zaidi ya miaka milioni 300, ikatoweka yapata milioni 66 iliyopita. Hakuna mwanadamu aliyemwona hata mmoja akiogelea. Hakuvuliwa, hakuliwa, hakuuzwa. Je, aliumbwa bure?

Anayedai kuwa thamani ya kila kitu ni manufaa yake kwa binadamu atakwama hapa. Labda atasema kwamba leo amonaiti huwasaidia wataalamu kujua umri wa miamba. Ni kweli, lakini uhai wote ule uwe ulimngojea mpimaji wa miamba? Sisi tumefundishwa kuwa kila kiumbe kina tasbihi yake, wala haikuwekwa sharti kwamba lazima tuisikie. Na binadamu ni khalifa: amekabidhiwa, hakununua. Basi mto tunaoumwagia zebaki ya kukamatia dhahabu, na vidudu vyake visivyofika sokoni, tusiseme havina mwenyewe.

Kijana nilimjibu kwamba ng'ambo wapo wanaoyauza mawe hayo. Akatabasamu, akidhani ameshinda. Nikamuuliza: "Na kabla hajazaliwa mnunuzi wa kwanza, lilikuwa na thamani gani?"

Bado hajanijibu.