Muuza sumu ya panya naye achorwe

Siku ya mnada hapa Mungaa, muuza sumu ya panya unamsikia kabla hujamwona. Spika iko begani, imefungwa kamba ya katani, na sauti ni ileile: panya, mende, kunguni, viroboto. Anapita katikati ya sado za vitunguu na chupa za mafuta ya alizeti. Akibisha hodi mtaani, mwenye nyumba humpungia mkono aondoke. Hanuni, anahamia mlango wa pili.

Mwaka 1632, Uholanzi, mchoraji Rembrandt alimchora mtu wa kazi hiyohiyo. Alichora juu ya bamba la shaba, akaliunguza kwa tindikali, akalipaka wino na kuchapa nakala kwenye karatasi. Mchuuzi wake ni mzee mwenye ndevu. Ameshika mti mrefu wenye kikapu juu, mizoga ya panya inaning'inia, na panya mwingine yuko begani kwake. Mwenye nyumba amegeuza uso, mkono unamsukumia mbali. Mkono ule hata Mungaa tunao. Mwaka 1635 akachora bibi anayekaanga chapati za maji, watoto wamemzunguka, na mtoto mmoja anaikinga ya kwake mbwa asiinyakue.

Rembrandt alilipwa kwa kuchora sura za matajiri, lakini shaba yake aliitumia pia kwa hawa. Hakuwapamba, wala hakuwalilia. Na chapa ilikuwa nafuu kuliko picha ya rangi.

Sisi tumekuwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupaka baiskeli. Naye alikuwa mchuuzi kwa namna yake: picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Wanunuzi walipenda tembo na chui, wakapata tembo na chui.

Machinga yeye gazetini hutokea kibanda kinapovunjwa, kama mwishoni mwa 2021 walipoondolewa kando ya barabara. Uso wake tunauchapa siku anayolia. Siku anayopanga bidhaa, anayopatana bei na kumkopesha jirani, hatuna habari naye. Huo ni uchoyo wetu sisi wenye kalamu na kamera.

Simu mnazo. Mnada ujao mwombeni ruhusa mama wa vitumbua, mpigeni picha akiwa kazini, kisha isafisheni na mmpelekee nakala yake bure.