Ujira wa Mlembe

Yuko ndege mdogo wa rangi ya kijivujivu, asiyesifiwa kwa uzuri wala kwa sauti, ambaye ana hesabu na wanadamu. Jina lake ni mlembe. Amwonapo mtu porini humjia akipiga kelele za kumhimiza, kisha huruka mti hadi mti, akitua na kungoja, mpaka amfikishe penye tundu la nyuki wa mwitu. Ndege hana nguvu za kuupasua mti. Mtu hana macho ya kuliona tundu. Mtu huwafukiza nyuki kwa moshi, akarina asali. Mlembe ataka nta, chakula ambacho ni wanyama wachache mno wawezao kukila kikawafaa. Padri Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba ndege hawa waliingia kanisani mwake wakadonoa mishumaa.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Waborana wa kaskazini ya Kenya humfuata ndege, nao humwita kwa mbinja. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1989 na wataalamu Isack na Reyer yaonyesha kwamba Mborana asiyeongozwa alitafuta kwa karibu saa 9 kabla ya kuona nyuki. Aliyeongozwa, saa 3 na kidogo. Basi, mtu aliyeokolewa saa hizo zote, je, ana deni?

Wayao wa Niassa, huko Msumbiji, husema analo, na humwekea ndege nta juu ya majani mabichi. Lakini baadhi ya Wahadza wa Tanzania wameonekana wakiifukia nta au kuichoma moto, ili ndege abaki na njaa apate kuongoza tena. Tusiharakishe kuwalaumu, maana nao wanatafuta riziki. Hata hivyo hoja yenyewe, kwamba mtenda kazi akishiba atalala, haikuzaliwa porini. Imesemwa mashambani na viwandani, na kwa kawaida msemaji wake huwa ameshiba.

Mwingine atasema kwamba mlembe hastahili huruma. Ni kweli tabia yake yatisha. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine, na kinda lake, likiwa bado kipofu, huwauma makinda wenziwe kwa ncha kali za mdomo hata wakafa. Lakini fundi aliyekujengea nyumba humpunguzii ujira kwa kuwa ni mkatili kwake. Ulipatana naye juu ya kuta tu.

Hoja iliyo nzito zaidi ni hii: ndege hajui mapatano, wala hawezi kushtaki. Mimi naona kwamba jambo hilo lazidisha deni badala ya kulifuta. Anayeweza kudai hulipwa pengine kwa hofu tu. Asiyeweza kudai hana tegemeo ila dhamiri ya mdaiwa. Na kati ya hawa wawili, anayejua kuwa kazi imefanyika na asali imeliwa ni mtu.

Yasemekana kwamba mahali ambapo watu wameacha kurina, kwa kuwa sukari yapatikana dukani, mlembe naye ameacha kuita.