Ujira wa Fundi na Kazi Iliyoharibika

Liko swali moja liulizwalo mara nyingi katika nchi yetu tangu watu walipoanza kujenga nyumba za tofali na mabati. Mtu akimwita fundi, na kazi ya fundi huyo ikaharibika, je, yampasa amlipe? Na fundi aliyetoa jasho lake akanyimwa ujira, je, ameibiwa? Wengi hujibu swali hili upesi: mwenye nyumba hujibu upande wake, na fundi upande wake. Mimi nami nilijibu upesi, nikakosa. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa habari iliyonipata mwenyewe, maana kosa la jirani ni rahisi kuliona, na la nafsi ni gumu.

Sisi tukaao juu ya nyanda za Mbulu twaijua baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hulala mabondeni hata jua lipande, na upepo hupenya katika kila ufa. Wazee wa zamani walijua namna ya kukaa na baridi hiyo. Tembe zao zilichimbwa ubavuni mwa kilima, na paa lao lilikuwa miti iliyofunikwa udongo mzito. Wanyama walilala ndani pamoja na watu, hata joto lao na la moto likabaki humo usiku kucha. Nyumba zetu za sasa zina mwanga na usafi, nami sina neno juu yake. Lakini bati halishiki joto, wala ng'ombe hawalali tena pamoja nasi. Basi watu wengine hutia mkaa katika jiko, wakaliingiza chumbani na kufunga mlango. Desturi hiyo ni ya hatari kabisa. Mkaa uwakao mahali pasipo nafasi ya hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala aweza kufa asijue kwamba anakufa. Hata moshi wa kuni, ambao twauona na kuuzoea, huua polepole. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa ulimwenguni kwa sababu ya moshi wa majumbani.

Mama yangu ni mzee, na kifua chake si kizima. Kwa ajili yake nalimwita fundi, ajenge jiko la tofali katika ukuta wa chumba chake, lenye dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Tukapatana ujira wa shilingi 240,000, nusu mwanzo na nusu kazi iishapo. Na vifaa nitanunua mimi. Fundi akaniandikia katika karatasi: tofali, saruji, na mabomba manne ya bati. Nilipofika dukani nikaona bei, nikanunua mabomba matatu. Nikamwambia, “Haya yatosha.” Fundi akayatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya, mzee, tutajitahidi.”

Kazi ilikwisha kwa siku nne. Usiku wa kwanza hapakuwa na upepo, na moto uliwaka vizuri. Mama alilala bila kukohoa, nami nikamsifu fundi mbele ya watu. Nikamwambia arudi Jumamosi kuchukua nusu iliyobaki. Usiku wa tatu upepo ukavuma. Nikaamshwa na sauti ya kukohoa nje ya nyumba. Nikatoka, nikamwona mama ameketi juu ya jiwe katika ukungu, amejifunika blanketi, na mlango wa chumba chake watoa moshi kama tanuru. Akaniambia, “Mwanangu, heri baridi.”

Fundi alipokuja Jumamosi sikumkaribisha kiti. Nikamwambia hapati hata senti moja. Akasema, “Mzee, nipe ngazi, nipande nitazame.” Nikamkataza. Akaenda zake. Siku ya mnada nikawaambia watu kwamba yule ni mwizi, na watu wawili waliokuwa tayari kumpa kazi wakaahirisha. Naye akasema huko aliko kwamba mimi nakula jasho la maskini. Ikawa Jumapili twaketi kanisa moja, twaimba wimbo mmoja, wala hatusalimiani. Hali hiyo ilidumu miezi miwili, na jiko likakaa bila moto, na mama akakaa katika baridi.

Kisha akapita kwangu mzee mmoja mwashi. Hakugusa kitu. Alisimama uani, akatazama paa, akauliza, “Mabomba alinunua nani?” Nikamjibu. Akanieleza hivi. Hewa yenye moto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda. Na kadiri dohani ilivyo ndefu, ndivyo ivutavyo moshi kwa nguvu. Tena mdomo wake sharti upite paa: usipungue sentimeta 90 juu ya pale inapotokea, na uzidi kwa sentimeta 60 kitu chochote kilicho karibu nayo mpaka mita 3, kama mgongo wa paa. Mdomo wa dohani yangu ulikuwa chini ya mgongo wa paa. Upepo ukipita juu ya mgongo huo huanguka upande wa pili, ukausukuma moshi urudi ndani. “Limepungua bomba moja tu,” akasema. Wasomaji, bomba lile ndilo nililoliacha dukani.

Je, fundi hana kosa, basi? Nadhani analo, na hapa yafaa tufikiri kwa uangalifu. Wako wasemao: fundi huuza kazi ya mikono yake, na akiisha kuifanya, ujira ni wake. Hutoa mfano wa kibarua aliyelima shamba: mvua isiponyesha, hatumnyimi mshahara wake. Hutoa mfano wa mganga: mgonjwa akifa, mganga hakuacha kufanya kazi. Mifano hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Mvua haimo katika mkono wa kibarua, wala mwisho wa maisha haumo katika mkono wa mganga. Lakini kupanda kwa moshi kuna kanuni zake, na kanuni hizo ndizo ufundi wenyewe. Sikumwita mtu apange tofali tu. Nalimwita kwa kuwa yeye ajua nisilolijua. Alipoona mabomba matatu, alijua. Ule unyamavu wake mdogo ndio uliokuwa kosa. Alipaswa kusema, “Mzee, kwa mabomba haya moshi utarudi,” hata kama ningekasirika, hata kama ningemwita fundi mwingine. Ajuaye ana deni la neno. Na neno hilo ni sehemu ya kazi aliyolipwa, sawa na tofali na saruji.

Lakini kwa nini alinyamaza? Nimelifikiri sana. Mtu mwenye watoto, aliyengoja kazi tangu mavuno, haoni rahisi kumpinga mwenye fedha. Tena nalisema “haya yatosha” kwa sauti isiyotaka jibu. Basi kama ajuaye ana deni la neno, asiyejua naye ana deni la sikio. Kuuliza si ujinga, husema watu wa pwani. Nami sikuuliza, kwa maana nalitaka kuokoa bei ya bomba moja. Afungaye kinywa cha fundi kwa ubahili wake asishangae fundi akinyamaza.

Jambo hili si geni duniani. Katika sheria za Hamurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, imeandikwa kwamba ukuta ukilegea kwa kazi mbaya, mjenzi auimarishe kwa gharama yake mwenyewe. Na nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, mjenzi naye auawe. Hapo mzigo wote umewekwa juu ya fundi. Lakini Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yamwagiza mwenye nyumba atie ukingo katika dari yake, mtu asianguke akaileta damu juu ya nyumba. Hapo mzigo umewekwa juu ya mwenye nyumba. Wazee wetu waliotembea juu ya paa za tembe wangeielewa amri hiyo upesi. Nadhani sheria hizo mbili hazipingani. Fundi awajibika kwa ufundi wake, na mwenye nyumba awajibika kwa wale walalao chini ya paa lake. Mama yangu hakupatana na fundi, alipatana nami. Kumtupia fundi lawama yote hakukuniondolea deni langu kwa mama.

Katika Tanzania yetu pia iko Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyoanza kutumika mwaka 1961. Kifungu chake cha 73 chasema maana yake hivi: avunjaye mapatano hulipa hasara iliyotoka katika uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, wala si kila hasara ya mbali, na katika kuipima hasara, hutazamwa pia njia aliyokuwa nayo mwenye kuumia ya kuipunguza. Neno hilo la mwisho lilinichoma. Njia ya kuipunguza hasara yangu ilikuwa kumpa fundi ngazi. Nilimnyima. Basi ile baridi ya miezi miwili si ya fundi tena, ni yangu.

Hapo twaweza kulijibu swali letu la kwanza. Je, mwenye nyumba aweza kuuzuia ujira wa kazi iliyoharibika? Nadhani aweza, lakini kwa kipimo na kwa kusudi. Kwa kipimo: azuie kiasi kile kitoshacho kutengeneza kosa, asizuie chote kwa kosa dogo, maana kazi iliyobaki ni njema, na kula kazi njema bila kulipa ni wizi. Kwa kusudi: azuie ili kazi itimie, wala si ili fundi aumie. Na mtu akitaka kujua kusudi la moyo wake, ajiulize: Je, nikiombwa ngazi nitaitoa? Mimi nilipoikataa ngazi, sikuwa nataka jiko tena, nalitaka kisasi. Maandiko yamkemea vikali awazuiaye vibarua ujira wao, nami sioni kwamba yamempa ruhusa yule aliyekasirika.

Liko na jambo la ulimi. Luther katika Katekisimu yake Kubwa ya mwaka 1529 aonyesha kwamba amri ya saba haimgusi mvunja sanduku tu. Yamgusa na fundi atendaye kazi kwa uvivu, na muuzaji wa kitu kibovu, na kila mtu apunguzaye haki ya mwenzake. Tulipenda wote wawili kuitumia amri hiyo: mimi nilimwita yeye mwizi, naye aliniita mimi mwizi. Lakini amri ya nane yaifuata palepale, nayo twaipita kama watu wasiojua kusoma. Mimi sikusema uongo mnadani. Moshi ulirudi kweli. Lakini nilisema nusu ya habari, nikaliacha bomba la nne dukani mara ya pili. Jina jema la fundi ndilo shamba lake. Aliharibuye jina hilo kabla ya kumwendea mwenyewe peke yake amechoma shamba kwa sababu ya suke moja.

Nalikwenda kwake jioni, nikiwa nimelibeba bomba begani. Haikuwa rahisi, na maneno yangu ya kwanza yalikuwa machache. Nikasema, “Nilipunguza mimi.” Akanyamaza, kisha akasema, “Nami niliona, nikanyamaza.” Kesho yake alipanda juu, akaliunga bomba kwa kazi ya asubuhi moja, wala hakutaka ujira wa siku hiyo, nami nikamlipa nusu yake yote niliyoizuia. Kisha nikawaendea wale watu wawili niliowaambia mnadani, nikawaeleza habari yote. Mmoja akampa kazi. Wa pili alikuwa amekwisha kumpata fundi mwingine, na nyumba yake imekwisha kuezekwa. Hilo sikuweza kulitengeneza. Bomba huungwa, lakini neno lililokwisha kwenda mnadani halirudi lote.

Ndugu msomaji, labda wewe nawe una fundi ambaye hamsalimiani, au una mwenye nyumba unayepita mbali na mlango wake. Kabla hamjafika kwa mwenyekiti wa kitongoji au mahakamani, ambako hapana haya kufika ikiwa haki imekataliwa, kaeni chini wawili ninyi na kuulizana: Ni lipi nililolijua nisiseme? Ni lipi nililoambiwa nisisikie? Usiku huu upepo wavuma tena huku juu, na moshi wapanda. Mama amelala ndani.