Mali ya Mzee ni ya Nani?

Liko swali ambalo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba: mzazi akizeeka hata asiweze kujihudumia, gharama za kumtunza zitoke wapi? Katika mifuko ya watoto, au katika mali yake mwenyewe?

Zamani matunzo hayakulipiwa fedha. Siku hizi mtumishi wa kumwogesha na kumlisha mzee ana mshahara wake. Dawa, nepi na nauli ya hospitali hutaka fedha taslimu. Huko Nairobi zipo nyumba za watu binafsi ambako mzee hukaa na kuuguzwa kwa ada ya kila mwezi. Hapa Tanzania makazi ya Serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Njoro kule Moshi, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyahesabu makazi hayo kuwa hatua ya mwisho. Mwenye watoto hurudishwa kwa watoto wake.

Naijua familia moja ambayo mama yao, mjane wa miaka 88, alikuwa na nyumba na kiwanja kikubwa mjini. Nusu ya kiwanja ingeuzwa, angepata mhudumu wa mchana na wa usiku kwa miaka mingi. Watoto watano wakakaa kikao. Mkubwa akasema, "Mali ya wazazi haiuzwi. Tutachanga." Wote wakaafiki. Miezi mitatu michango ikaja. Mwezi wa nne wakabaki wawili. Mwishowe binti mmoja akafunga duka lake, akahamia kwa mama, akamuuguza miaka sita. Mama alipofariki, kiwanja kiligawanywa mafungu matano yaliyo sawa.

Chuoni tuliwaambia walimu wanafunzi kwamba kabla ya kujibu swali sharti ufafanue neno. Neno hapa ni urithi. Urithi huanza na kifo. Mzazi akiwa hai hakuna warithi. Kuna watoto tu. Sheria ya Kiislamu, hata mtu akiisha kufa, hutanguliza gharama za mazishi na madeni kabla ya mrithi kugusa chochote. Ikiwa sanda hutangulia mrithi, iweje uji wa mgonjwa aliye hai uje nyuma yake? Kauli ile ya kikaoni ilisikika kama heshima kwa wazazi, kumbe ilikuwa ulinzi wa mafungu matano.

Msomaji atasema: ardhi si fedha tu, ina makaburi ya babu zetu. Ni kweli, nami siidharau hoja hiyo. Lakini tuitazame mila yenyewe. Kwa Wachagga, nyumba ya wazazi na kihamba chake humwangukia mziwanda, kwa kuwa ndiye abakiaye nyumbani kuwatunza. Mila ilifunga urithi na huduma katika fundo moja. Atakaye ardhi ya ukoo ibaki, na abaki na mzigo wake pia. Asiyeweza kuja alipe, wala asichoke mwezi wa nne. Na siku zilizotolewa na yule binti zihesabiwe kama fedha, maana duka lililofungwa ni fedha.

Tena pana hatari ya upande wa pili. Mtoto mjanja aweza kuuza nyumba kwa jina la matunzo, na mzee asiione hata shilingi. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa ndiyo msingi. Katika kikao kile cha watoto watano, mama alikuwa chumba cha pili, akili zake timamu, na hakuna aliyemwuliza. Huenda angesema, "Uzeni." Huenda angesema, "Nawaachieni." Vyovyote vile, neno lilikuwa lake.

Mimi nami nimezeeka, na nina nyumba. Nimekwisha waambia wanangu, wakiwa wote wamekaa pamoja: nyumba hii kwanza ni mkongojo wangu na wa mama yenu. Kitakachosalia ndicho chenu. Nacho kwanza apewe haki yake yule atakayetuogesha.