Mzigo Mzito Mpe Nani?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Tangazo lina jedwali refu la miji na wilaya, na mbele ya kila jina kuna bei ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Bariadi imo humo. Bei yake kwa kawaida iko juu ya ile ya Dar es Salaam, kwa sababu mafuta yanayoshushwa bandarini husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori kabla ya kufika Simiyu. Kabla jua halijawa kali, vijiwe vyote vya bodaboda mjini vimeshajua. Anayetoka sheli huleta habari, na habari yenyewe huwa ni neno moja tu: yamepanda, au yameshuka.

Mimi ni mtoto wa huku, na sasa nasoma shahada ya umahiri katika falsafa. Darasani tunauliza haki ni nini. Kijiweni swali hilo huja likiwa dogo zaidi na gumu zaidi: mafuta yakipanda, nani alipe?

Tuanze na mwaka ambao wengi tunaukumbuka. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na soko la mafuta la dunia likachafuka. Aprili mwaka huo bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,861 kwa lita. Mei ikawa 3,148. Juni serikali iliingiza ruzuku ya shilingi bilioni 100, na pamoja na hayo Agosti lita moja ilifika 3,410. Ndani ya miezi minne, lita iliongezeka shilingi 549. Kijana anayebeba abiria kati ya Somanda na sokoni hakuwa na ugomvi wowote na Ukraine, lakini vita ile ilimfikia kwenye tenki.

Madereva wa huku wana mbinu zao. Bodaboda haizunguki tena kutafuta abiria. Inakaa kivulini mpaka aitwe. Mafuta hayanunuliwi kwa lita, yananunuliwa kwa pesa iliyopo: "weka ya elfu tatu." Kwenye mteremko injini inazimwa, pikipiki inaserereka. Oili iliyopaswa kumwagwa wiki hii inasubiri wiki ijayo. Chakula cha mchana kinakuwa chai na andazi. Siku inaanza saa kumi na moja alfajiri na kuisha saa nne usiku. Na pale ambapo sheria inaruhusu abiria mmoja, wanapanda wawili, mshikaki, na mtoto mbele kwenye tenki.

Tukizisikia mbinu hizi huwa tunatabasamu na kusema, "Vijana wanapambana." Neno hilo ndilo linalonisumbua. Waswahili wana methali ya zamani: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Wanyamwezi, majirani zetu na watani zetu sisi Wasukuma, walisifika kwa kubeba mizigo ya misafara kutoka bara hadi pwani. Methali inawasifu, lakini itazame vizuri. Haiulizi mzigo ni wa nani, wala umetoka wapi. Inachosema ni kwamba kwa kuwa huyu anaweza kubeba, basi apewe. Sifa imegeuka kuwa ruhusa. "Mpambanaji" wa siku hizi ni Mnyamwezi wa methali ile: tunamsifu kwa uvumilivu wake ili tusilazimike kuuliza kwa nini avumilie yeye.

Mzigo wenyewe tuupime. Tuchukue mfano wa dereva anayetumia lita tatu kwa siku. Ongezeko la shilingi 549 kwa lita ni shilingi 1,647 kila siku. Pesa hiyo lazima itoke kwa mtu. Kuna watu watatu karibu na pikipiki hiyo: abiria, dereva, na mwenye chombo, ambaye huku tunamwita tajiri.

Abiria ndiye wa kwanza kufikiriwa. Mafuta yamepanda, nauli ipande. Kwa mabasi kuna utaratibu. Mei 2022 LATRA ilipandisha nauli ya mabasi ya daraja la kawaida kutoka shilingi 36.89 hadi 41.29 kwa kila abiria kwa kilomita. Kwa njia ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita zipatazo 72, hiyo ni nyongeza ya kama shilingi 317. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini hesabu yake iko wazi. Bodaboda haina jedwali. Nauli yake ni makubaliano ya mdomo, na makubaliano hayo huenda kwa jero. Ya elfu moja ikipanda inakuwa elfu moja mia tano, kwa sababu hakuna anayetaka kuhangaika na chenji. Sasa piga hesabu: abiria kumi, kila mmoja akiongeza mia tano, ni shilingi 5,000 kufidia hasara ya 1,647. Mafuta yakishuka mwezi unaofuata, ile mia tano hairudi.

Halafu tumtazame huyo abiria ni nani. Simiyu ni mkoa wa pamba. Anayepanda bodaboda kutoka Dutwa au Ngulyati kuja mjini mara nyingi ni mkulima, au anaishi kwa pesa ya mkulima. Bei ya pamba haipangi yeye, inafuata soko la dunia kama petroli inavyofuata. Akiambiwa nauli imepanda, hana wa kumpandishia. Kwa hiyo kusema "dereva amhamishie abiria" ni kusema mtu asiye na sauti kwenye bei moja amhamishie mzigo mtu asiye na sauti kwenye bei mbili. Naye hujibu kwa njia aliyo nayo: anatembea kwa miguu. Dereva akipandisha sana anabaki na kiti kitupu.

Wa pili ni dereva mwenyewe, na hapo ndipo mzigo hutua mara nyingi. Dereva mmoja aliwahi kuniambia kwa sentensi ambayo sijaisikia kwa mwalimu yeyote: "Dogo, mafuta yanapanda, abiria anashuka, hesabu inabaki palepale." Hesabu ni kile kiasi anachompelekea tajiri kila siku. Kama ni elfu saba, ni elfu saba mvua ikinyesha, ni elfu saba mnada ukikosa watu, na ni elfu saba lita ikiwa 2,861 au 3,410. Bei ya pampu ina kikomo. Nauli ya basi ina kikomo. Mapato ya dereva yana kikomo kilichowekwa na mfuko wa abiria. Katika mnyororo huu wote, kitu kimoja tu hakiguswi na chochote.

Tajiri ana la kujibu, na ni haki tumsikilize. Mara nyingi si tajiri kabisa. Ni mwalimu au muuguzi aliyechukua mkopo akanunua pikipiki moja ili mshahara utoshe. Benki haimpunguzii rejesho kwa sababu ya Ukraine. Atasema pia kwamba walikubaliana, dereva alikuwa na akili timamu, na ahadi ni ahadi.

Hoja hiyo ina uzito. Katika fiqhi ya Kiislamu kuna mkataba uitwao mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi. Faida wanagawana kwa sehemu walizokubaliana. Hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mtaji hupoteza mtaji, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Mwenye mtaji haruhusiwi kujihakikishia kiasi maalumu bila kujali biashara imeendaje. Nikimweleza tajiri hivyo atanijibu: huu si ubia, ni ukodishaji, na kodi huwa ya kudumu. Kisheria huenda yuko sahihi. Lakini elfu saba haikushuka kutoka mbinguni. Siku ile walipokaa na kukubaliana, walipiga hesabu ya abiria wa kawaida, mafuta ya bei ile, na kitakachobaki kwa dereva kupeleka nyumbani. Elfu saba ilikuwa jibu la hesabu hiyo. Namba moja ndani yake ikibadilika sana, kuling'ang'ania jibu la zamani ni kushika maneno ya ahadi na kuacha maana yake. Ahadi inamfunga dereva alipe. Inamfunga pia tajiri akumbuke waliahidiana katika hali gani.

Kuna mlipaji wa nne ambaye hatumhesabu. Panda mchomoko kwenda Lamadi au Maswa. Nyuma wanakaa wanne mahali pa watatu, mbele wawili kwenye kiti cha mmoja, na kwenye buti kuna mtu pamoja na kuku. Nauli haijapanda, na abiria wanashukuru. Ila bei haijapotea, imehama kutoka mfukoni kwenda mwilini. Breki zilizochakaa, tairi lililokwisha, gari lililozidiwa: hayo yote ni petroli iliyolipwa kwa njia nyingine. Utasema abiria amekubali mwenyewe. Amekubali, kwa sababu gari linalofuata halijulikani litakuja lini. Lakini mama anayevuka barabara na ndoo kichwani, au mzee anayeendesha baiskeli pembeni na gunia la pamba, hajakubali chochote wala hakuulizwa. Kati ya njia zote za kulipa mafuta, hii naiona mbaya kuliko zote, maana inaonekana kama hakuna aliyelipa mpaka siku ya ajali.

Sasa niulize swali gumu zaidi. Ni usiku wa manane kijijini, mama mjamzito ana uchungu, na pikipiki iko moja. Mwenyewe anataka mara mbili ya nauli ya mchana. Je, anadhulumu? Mwanafalsafa Michael Sandel anafungua kitabu chake kuhusu haki kwa kisa kinachofanana: Florida, mwaka 2004, baada ya kimbunga Charley, wauzaji walipopandisha bei za barafu na jenereta. Wapo waliosema bei kubwa huwavuta watoa huduma wanapohitajika. Wengine wakasema ni kunufaika na shida ya mwenzako. Huku kwetu wote wawili wana chembe ya ukweli. Dereva yule atarudi bila abiria, gizani, kwenye njia mbovu, na mafuta ya kidumu kijijini ni ghali kuliko ya sheli. Sehemu ya nyongeza ni gharama halali. Sehemu inayobaki inaweza kuwa bei ya hofu ya yule mama.

Mstari kati ya sehemu hizo mbili naupima hivi: je, unaweza kuieleza hesabu yako mbele ya anayelipa, namba kwa namba, bila kuficha? "Mayu, mafuta ya kwenda na kurudi ni kiasi hiki, na usiku huu nimeacha usingizi, niongezee kiasi hiki." Hilo linasemeka. "Nataka mara mbili kwa sababu huna mwingine" halisemeki, na ndiyo maana hakuna anayelisema kwa sauti.

Kipimo hicho hicho kipelekwe juu. Serikali kwa upande mmoja inakifaulu: EWURA huchapisha mchanganuo wa bei, tozo na kodi zikiwemo, na anayetaka kusoma atasoma. Ruzuku ya 2022 nayo ilikuwa njia ya kubeba mzigo kwa pamoja. Lakini ruzuku inayotolewa kwa kila lita humpa zaidi anayechoma zaidi. Gari kubwa la bwana mkubwa lilipata sehemu kubwa kuliko pikipiki ya Bariadi. Wazee wetu wanakumbuka enzi za Mwalimu, mafuta yalipokuwa adimu, magari binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sitamani turudi huko. Nataka tu kusema kwamba wakati ule uhaba ulimgusa pia mwenye gari, na walau swali la nani apunguze liliulizwa hadharani.

Kwa hiyo, nani alipe? Rudi kwenye ile 1,647. Lita tatu, watu watatu. Kila mmoja akibeba ongezeko la lita moja, ni shilingi 549 kwa tajiri, 549 kwa dereva, na 549 kwa abiria wote wa siku hiyo. Wakiwa kumi na mmoja, haifiki shilingi 50 kwa kila mmoja. Hesabu ya elfu saba inakuwa 6,451. Tuseme elfu sita na mia tano, nani atagombana? Na mafuta yakishuka, irudi kupanda. Yanatakiwa tu makubaliano yanayofuata bei ya pampu, yaandikwe kwenye daftari siku kijana anapokabidhiwa ufunguo.

Najua 549 ya mwenye nyumba ya kupangisha si sawa na 549 ya kijana aliyepanga chumba. Mgawanyo wa sawa kwa sawa bado si haki kamili. Lakini ni mwanzo ulio bora kuliko tulipo, ambapo mgawo umeshafanywa bila kikao, na jina la aliyepewa mzigo wote ni yule asiyeweza kuukataa. Kama wewe una pikipiki moja mkononi mwa kijana fulani, Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao tafuta jedwali lile, tazama mstari wa wilaya yako, halafu mpigie simu kabla hajakupigia yeye.