Fundi, Usiseme Imepona

Leo nasema nanyi mafundi wa pikipiki, ninyi mnaofanya kazi chini ya miembe na mabanda ya bati kuanzia Tinde na Kahama mpaka Kakola, Katoro na Nyarugusu. Nasema pia na wenye pikipiki, maana dhambi ninayoikemea huwa na wazazi wawili, na mmoja wao ni mteja.

Dhambi hiyo hutamkwa kwa neno moja: imepona.

Honda ya zamani imeletwa, inakata moto. Asubuhi huwaka kwa kiki moja. Ikifika njiani inazima, ikipumzika kidogo inawaka tena. Fundi anaiwasha, inanguruma vizuri. Anabadilisha plagi. Anabadilisha koili. Anatikisa nyaya chini ya tangi, anazungushia tepu mpya juu ya tepu kuukuu, anapiga kiki, inawaka. "Imepona," anasema, na hela anapokea. Ndugu yangu, umeona nini? Ni waya gani uliokuwa mbovu? Utuoneshe! Huna cha kuonesha. Umetoa ushahidi wa uongo, na amri inayokataza ushahidi wa uongo haikuwekwa kwa ajili ya mahakamani tu. Inakuhusu na wewe uliyejaa oili mikononi.

Fungua Luka sura ya 15, mstari wa 8. Yule mama alikuwa na shilingi kumi, moja ikampotea humo humo nyumbani mwake. Hakukimbilia kwa jirani kukopa nyingine. Hakujifariji kwamba tisa zinatosha. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta mpaka akaipata. Nawaombeni mafundi mtafute kama mama yule. Hitilafu inayokuja na kuondoka haijatoka nje ya pikipiki. Imo, kwenye waya fulani au kiungo fulani, hata saa hii injini inapokuimbia vizuri.

Na msiniambie hizi pikipiki za zamani zimepitwa na wakati. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976, baada ya wahandisi wake kwenda kujionea jinsi watu wa nchi zisizo na mafundi wengi wala barabara nzuri wanavyotumia pikipiki. Ilijengwa istahimili. Wachina wakaiga injini hiyo, na leo kijana anayeendesha SanLG pale Katoro amekalia mjukuu wa CG. Aliyejifunza kutafuta hitilafu kwenye Honda ya babu ataiona pia kwenye pikipiki ya bodaboda. Hizo kuukuu ndizo zinazobeba makatekista na wainjilisti mpaka kwenye vigango vya mbali, na ndizo zilizowazungusha mabwana shamba kwenye mashamba ya pamba ya Usukumani. Zimetumika sana. Zinastahili fundi mkweli.

Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Honda CG ya katekista mmoja wa upande wa Samuye ilikuwa inazima ovyo. Imekwishawekewa koili mpya, plagi mpya, hata betri mpya, ingawa kwenye Honda ile moto wa plagi unatoka kwenye koili za ndani ya sumaku, wala betri haihusiki. Fundi mzee akaacha spana zake chini, akamuuliza, "Mwalimu, inakuzimia wapi?" Katekista akafikiri. Kwenye lami haijawahi kuzima. Huzima akikata kona kuingia kwake. Kona ya upande gani? Ya kushoto. Mzee akaiwasha, akaiacha ingurume, akauzungusha usukani taratibu kushoto mpaka mwisho. Ikazima. Akaurudisha, akapiga kiki, ikawaka. Akazungusha tena. Ikazima tena.

Akafungua tepu pale shingoni, nyaya zinapopita kati ya fremu na usukani. Waya mmoja mweusi mwenye mstari mweupe ulikuwa umesuguliwa na chuma kwa miaka mingi, ganda limekwisha, shaba inang'aa mahali padogo kuliko punje ya mchele. Huo ni waya wa swichi. Kwenye pikipiki za namna hii, swichi huzima injini kwa kuupeleka umeme wa koili kwenye bodi. Kila usukani ulipogeuka kushoto, shaba iligusa fremu, na injini ikatii kama inavyoutii ufunguo. Mzee aliuvisha waya ganda jipya, akaupitishia njia nyingine ukae mbali na chuma, akauacha na ulegevu wa kutosha kufuata usukani. Akazungusha kushoto na kulia. Haikuzima. Akamuonesha katekista ule waya. Hapo ndipo fundi anaruhusiwa kusema imepona!

Enyi mafundi, sikieni. Mkiletewa pikipiki inayokata moto, msiguse kitu kabla ya kuuliza. Ukianza kwa kutikisa nyaya, unaweza kuiponya kwa bahati bila kujua umeponya wapi, na hitilafu itamsubiri mwenzako Nyarugusu usiku. Ulizeni: inazima ikiwa ya moto au ya baridi? Kwenye makorongo au kwenye lami? Wakati wa mvua? Kama inazima ikishapata joto, basi ikamateni ikiwa na joto. Koili au kondensa inayochoka kwa joto itakudanganya mchana kutwa ikiwa imepoa. Iendesheni mpaka izime, na papo hapo, kabla haijapoa, chomoeni plagi, iegemezeni kwenye injini mbali na tundu la plagi, mpige kiki, muangalie cheche. Hakuna cheche? Fuateni umeme. Cheche ipo na ina nguvu? Basi acheni nyaya, fungueni kifuniko cha tangi na msikilize kama kinavuta hewa, maana tundu la kifuniko likiziba petroli haishuki, na watu wengi wamelipia koili kwa sababu ya tundu lililojaa vumbi.

Na mita isiwadanganye. Waya unaweza kukatika nyuzi za shaba kwa ndani, zikabaki mbili tu, na ganda lake likawa zima kabisa. Ukipima kwa mita unaona volti zote zipo, kwa sababu mita inavuta umeme kidogo mno, na nyuzi mbili zinautosha. Uongezee mzigo wa taa, nyuzi zinashindwa, taa inafifia. Kwa hiyo chukueni balbu ya indiketa, muiunge nyaya mbili, mpime nayo. Yule mama aliwasha taa. Na ninyi washeni.

Ethi nayo mnaidharau. Vumbi la makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huku Geita na tope la mbuga kule Shinyanga huingia chini ya kila bolti. Wekeni mita kati ya hasi ya betri na bodi ya injini, mpige honi. Ikisoma karibu na sifuri, ni salama. Ikisoma nusu volti, fungueni bolti, mpige msasa mpaka chuma king'ae.

Lakini kuna jambo linanichoma moyo zaidi ya yote: karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye nafasi ya fyuzi! Fyuzi ikikatika imekuonya kwamba kuna shoti mahali. Wewe unaiziba mdomo. Nyaya zitapata moto chini ya tangi la petroli, na juu ya tangi hilo amekaa baba wa watu. Kitoeni hicho kikaratasi leo, msingoje kesho.

Sasa ninyi wenye pikipiki. Nimesema dhambi hii ina wazazi wawili. Fundi akikaa asubuhi nzima anafuata waya mmoja, akauona, akaufunga, unamuuliza: "Umeweka spea gani?" Akisema hakuna, unampa hela ya soda. Mwenzake aliyebahatisha koili mpya unamlipa bila kunung'unika, kwa sababu umeshika boksi mkononi. Hivi ndivyo mlivyowafundisha mafundi wetu kubahatisha! Mmelipia vyuma, mkakataa kulipia kutafuta. Na unapompelekea pikipiki, unamficha kwamba shemeji yako alikata nyaya akaunga redio. Halafu unamhimiza, unataka kuwahi mnadani.

Mkumbuke kinachobebwa. Usiku, mama mwenye uchungu anapakiwa kwenye pikipiki kutoka kwenye maduara ya dhahabu ya Rwamgasa kwenda hospitali. Malori yanakuja mbele. Taa ikizima pale, neno lako "imepona" litasimama mbele za Mungu, na la mteja aliyekataa kulipia muda wako litasimama pamoja nalo.

Kwa hiyo nawasihi. Mteja, kesho mpelekee fundi habari kamili, umwachie siku nzima, umlipe kwa kutafuta kwake hata kama hakuweka spea. Fundi, kabla hujafungua sanduku lako, muulize inazima wapi, na umsikilize mpaka amalize. Na kama jioni imefika hujauona ubovu, mwambie: bado sijauona, niachie mpaka kesho.