Kutu, Rangi na Matope

Je, mtu anayehitaji msaada anaruhusiwa kujionyesha maskini kuliko alivyo? Swali hili si la darasani. Hapa Nakivale watu wanalijibu kila siku bila kulitamka: kwa nguo wanazovaa siku ya mgao, kwa simu wanayoiacha nyumbani, kwa bati jipya ambalo mtu anaogopa kuliezeka mpaka watu wa kuhesabu wapite kwanza. Mimi nilikuja kulifikiria vizuri kupitia gari, juu nilikaa karibu mwaka mzima nikimsaidia rafiki yangu kufufua gari bovu na kulipaka rangi.

Nianze na gari lenyewe. Ni Datsun 1200, pikapu ndogo ya miaka ya 1970, yenye injini ya A12 ya sentimita za ujazo 1171. Rafiki yangu ni fundi. Ufundi aliuanza Bukavu akiwa mtoto, kwa kumshikia baba yake spana, akaumalizia hapa kambini kwa kutengeneza bodaboda. Gari alilikuta kwa mfugaji mmoja upande wa Isingiro, limegeuka nyumba ya kuku. Matairi hakuna, kioo cha mbele hakuna, sakafu imeliwa na kutu mpaka ukikaa unaona majani chini ya miguu yako. Mwenyewe alikuwa anataka kuliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Rafiki yangu akatoa akiba yake yote, tukalipandisha kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, likafika Base Camp na manyoya ya kuku ndani.

Watu walimuuliza kwa nini asinunue boda iliyotumika. Alijibu: "Boda inabeba mikungu minne. Hii itabeba soko."

Huko Marekani kuna magari wanayoyaita hot rod. Vijana, sana sana wa California, kabla na baada ya vita ya pili ya dunia, walichukua Ford kuukuu ambazo watu walikuwa wamezichoka, wakatoa vipande visivyo na kazi, wakaweka injini yenye nguvu, wakazipaka rangi za kuwaka. Wengi wao gari jipya hawakuliweza. Rafiki yangu alikuwa ananionyesha picha zake kwenye simu. Sisi hatukutafuta mbio, lakini wazo ni lile lile: kitu ambacho mwingine amekitupa, wewe unaona bado kina safari.

Na jina la Datsun lina historia huku kwetu. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, na familia yake ni kati ya zile zilizoondoka mwaka 1972 wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Wakaenda Kenya. Mwaka 1973 Mehta akashinda Safari Rally na Datsun 240Z, halafu akashinda tena mara nne mfululizo, kutoka 1979 mpaka 1982, zote na Datsun. Mikono ikituchoka, rafiki yangu alikuwa anasema: "Na huyu naye alikuwa mkimbizi." Tunacheka, tunaendelea kusugua.

Kazi kubwa haikuwa injini. Kabureta ilitoka Kisekka kule Kampala, gasketi na plagi tulizipata Mbarara, injini ikakubali. Kazi ilikuwa kutu. Ukiona doa moja la kutu kwenye bodi, jua kwamba nyuma yake kuna sahani nzima. Ukikwangua juu tu na kupaka rangi, unyevu unabaki ndani na chuma kinaendelea kuoza gizani. Inabidi ukate kipande chote kilichooza mpaka ufikie chuma kinachong'aa, uchomelee bati jipya, ulipige nyundo lilale. Ndipo unapaka mastiki kidogo, ile ambayo Mbarara wanaiita fila, kusawazisha mabonde madogo tu. Halafu msasa: namba 80, namba 240, namba 400 ya maji, mpaka ukipitisha kiganja hakuna kinachokukwama. Halafu prayma. Halafu tena msasa. Rangi yenyewe ni kazi ya mchana mmoja.

Siku tulipolipeleka Mbarara, kwenye gereji moja ya Kakoba yenye kompresa ya kukodi, bado tulikuwa na mlango mmoja haujakatwa kutu. Fundi mmoja wa pale, mtu mzuri tu, alituona tunavyohangaika akatuhurumia. Akasema: "Vijana, mnapoteza muda. Jazeni mastiki, pigeni rangi, uzeni. Mwenye kununua atajua baada ya mvua mbili, na nyinyi mtakuwa mmeshakula." Rafiki yangu akamshukuru, akaendelea kukata.

Hapo hakuna ubishi. Yeyote nitakayemuuliza, Mkongo, Mrundi, Msomali, Mnyankole, ataniambia kwamba kujaza mastiki juu ya kutu ni kudanganya. Unafanya kitu kilichooza kionekane kizima, na mtu mwingine ndiye atakayelipa.

Tulipasua njano. Chini ya tabaka tatu za rangi za zamani, nyuma ya dashibodi, tulikuwa tumekuta kipande cha rangi ya kwanza kabisa, na ilikuwa njano. Basi tukairudisha. Gari liliingia kambini kwa barabara ya vumbi kutoka Kabingo, watoto wakalikimbilia. Lakini jioni ile ile jirani mmoja, mzee tunayemheshimu, alimwita rafiki yangu pembeni akamwambia: "Mwanangu, umefanya vizuri, lakini lipake matope. Liache lionekane bovu. Hapa kutu ndiyo kitambulisho chako."

Mzee hakuwa na wivu. Alikuwa anakumbuka. Mwaka 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulikatwa kwa asilimia 30 sababu fedha zilipungua. Mwaka 2021 ukashuka tena, ukabaki asilimia 60 ya kiasi cha mwanzo. Mwaka 2023 watu walianza kugawanywa makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu, la wale wanaohesabiwa kwamba wanajiweza, halipati kitu. Tangu hapo, kitu kizuri mlangoni kwako ni kama shahidi anayesimama kukusema.

Sheria haina tatizo na gari letu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kutembea, kuwa na mali yake. Nakivale yenyewe ipo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kuna watu waliozaliwa hapa wakazeeka hapa, na si haki kumwambia mtu aishi miaka sitini kama anasubiri basi. Kwa hiyo swali si kama gari linaruhusiwa. Swali ni la matope.

Mimi nasema matope ya mzee na mastiki ya fundi ni ndugu wa tumbo moja. Mastiki inafanya kilichooza kionekane kizima. Matope yanafanya kilicho kizima kionekane kimeoza. Katika yote mawili, nje inasema kitu ambacho ndani hakipo, na kuna mtu anayeamini macho yake. Yule wa mastiki anamwibia mnunuzi. Yule wa matope anachukua kwa nani? Si kwa Mzungu wa mbali. Chakula kikiwa kidogo, anachukua kutoka kwenye sahani ya mtu wa nyuma yake kwenye foleni, labda mama mjane wa Rubondo ambaye hana hata baiskeli ya kuficha.

Najua jibu mtakalonipa, na ni jibu zito. Mtasema: sisi tumefika hapa tukiwa hai sababu tulijificha. Ni kweli. Kwenye kizuizi cha barabara huko Kivu, mtu mwenye bunduki akikuuliza wewe ni kabila gani, au ndugu yako amejificha wapi, unamwambia uongo na Mungu anakuelewa. Kuna mwanafalsafa wa Ujerumani, Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni kuuliza rafiki yako yuko wapi, hutakiwi kumdanganya. Niliposimulia hilo kwenye kikundi cha vijana, walicheka mpaka machozi. Msichana mmoja akasema: "Huyo muzee hakuwahi kukimbia." Mimi niko upande wa msichana.

Lakini tuangalie vizuri tofauti. Mtu wa kizuizi hana haki ya kuuliza. Anauliza ili auwe. Ukimdanganya, hakuna mtu mwingine anayeumia. Mtu anayegawa chakula kidogo kwa watu wengi ana haki ya kuuliza, hata kama anauliza vibaya, juu jibu lako linaamua jirani yako atakula nini. Kilichotuokoa kule hakiwezi kuwa sheria yetu ya kila mahali. Tukikibeba mpaka hapa, tutajikuta tumewafanya majirani zetu kuwa adui bila wao kujua.

Na upande wa pili, anayeuliza naye ana deni. Rangi si kipato. Ukuta uliopakwa chokaa hauliwi. Kuna mama anayefagia uwanja wake mara mbili kwa siku na bado analala njaa. Usafi wake usiwe hukumu juu yake. Mwenye kuhesabu anapaswa kuuliza: unaingiza kiasi gani, mnakula mara ngapi, nani ni mgonjwa? Akipima kwa macho tu, yeye ndiye anayefundisha watu kupaka matope, na hatakuwa na haki ya kushangaa akidanganywa.

Rafiki yangu hakupaka matope. Matope yaliyopo kwenye gari sasa ni ya barabara ya Nyarugugu na ya msimu wa mvua, hayo ni ya kazi. Ilipofika zamu ya nyumba yao kuulizwa, alisema ana gari, akasema linaingiza kiasi gani wiki nzuri na kiasi gani wiki mbaya. Baada ya muda, mgao wa nyumba yao ukapungua.

Hapa ndipo sitaki kuandika kirahisi. Nyumba yao si yeye peke yake. Yuko mama yake mdogo aliyemlea, na watoto watatu. Mama mdogo alimwangalia akamwambia: "Haya, baba. Leo tunapika ukweli wako, tuone kama unaiva." Ana haki ya kusema hivyo. Ukweli ulitoka kinywani mwa mmoja, njaa ikaingia kwenye matumbo ya watano. Mtu anayesifu ukweli bila kuangalia nani anaulipia, huyo naye anapaka rangi juu ya kutu.

Kwa hiyo nadhani kusema kweli hakuishi pale unaposema. Ukweli wako ukiwagharimu watu wa nyumba yako, ulipe wewe kwanza. Rafiki yangu alikaa na mama mdogo wakapanga. Pesa ya safari ya kwanza ya kila siku ya soko haigusi mafuta wala spea wala mfuko wake. Inakwenda moja kwa moja kwenye unga na maharage. Siku nyingine safari ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ya mwisho, anarudi bila hata mia. Taa ya nyuma ya kushoto imepasuka tangu Februari na bado hajanunua nyingine. Mama mdogo bado anasema gari lile ni jeuri. Lakini Jumapili anapanda mbele kwenda kanisani, na anakataa mtu asiegemee mlango na mkono mchafu.

Naandika haya kwa sababu ya vijana ninaofanya nao kazi. Wageni wakitangazwa, kuna anayeniuliza: "Kaka, kesho tuvae za kawaida ao tuvae za umaskini?" Wanauliza kwa mzaha, lakini mzaha huo unajenga tabia. Kijana anayejifunza kwamba sura yake mbaya ndiyo inayolipa, siku moja ataogopa kupona. Ataogopa kufaulu, kuezeka, kuoa vizuri, kuweka maua mlangoni.

Ninachowaambia ni hiki. Vaeni nguo yenu nzuri kama mnayo, na mkiulizwa kama mna shida, semeni shida zenu zote bila kupunguza, kwa hesabu, kwa sauti. Ukiwa na kitu, usikifiche kwa yule ambaye jibu lako litagusa sahani ya mwingine. Na ukitaka kusema kweli ambayo itaibana nyumba yako, rudi kwanza nyumbani mkae chini, mpange nani atafunga mkanda. Aanze yule mwenye gari.

Wapo watakaosema mimi ni kijana, sina watoto, naongea bure. Labda. Ukurasa wa toleo lijalo uko wazi, muniandikie. Ningependa sana kusoma jibu la mama mdogo.